Chati Isiyompotosha Msomaji

Kijitabu hiki ni cha katibu wa kikundi, mwalimu, karani wa zahanati na yeyote anayedaiwa taarifa yenye chati kila mwisho wa mwezi. Tunatumia Excel kwa kuwa ndiyo iliyoenea maofisini. Mwenye LibreOffice Calc au Google Sheets atakuta mengi yanafanana, ila vitufe vimehama mahali.

Anza na jedwali

Tuchukue sensa za Tanzania tangu Muungano. Kwenye safu A andika kichwa "Mwaka", kisha miaka kwenda chini: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Kwenye safu B andika idadi ya watu kwa milioni: 12.3, 17.5, 23.1, 34.4, 44.9 na 61.7.

Neno "milioni" liweke kwenye kichwa cha safu, lisiingie ndani ya seli. Ukiandika "12.3 milioni", programu inayachukulia hayo kuwa maandishi, na kwenye chati itachora sifuri. Dalili huonekana mapema: namba hujipanga upande wa kulia wa seli, maandishi hukaa kushoto. Herufi O iliyoandikwa badala ya sifuri huleta balaa hilohilo, nayo humtoa mtu jasho kuitafuta.

Mistari miwili imetoka wapi?

Teua jedwali lote, bofya "Insert", kisha chagua chati ya mstari. Hapa wengi hushtuka. Mstari mmoja umekaa juu karibu na 2,000, na ule wa watu umelala chini kabisa kama nyoka aliyepigwa. Kilichotokea ni kwamba programu imedhani miaka nayo ni takwimu za kuchorwa. Futa neno "Mwaka" kwenye seli ya kona, iache tupu, uchore upya. Miaka itashuka kwenye mhimili wa chini, mahali pake.

Nafasi kati ya miaka

Sasa chati imetulia, inapendeza, na inadanganya. Itazame vizuri: kutoka 1988 hadi 2002 mstari unapanda kwa watu milioni 11.3, kutoka 2002 hadi 2012 unapanda kwa milioni 10.5. Mtazamaji ataondoka akiamini kwamba baada ya 2002 ongezeko lilipungua kasi.

Lakini kipindi cha kwanza ni miaka 14, cha pili ni miaka 10. Ukigawa, cha kwanza kinatoa takriban watu laki 8 kwa mwaka, na cha pili zaidi ya milioni 1 kwa mwaka. Kasi iliongezeka! Chati ya mstari ya Excel ilichukua miaka hiyo kama majina tu, ikaipanga kwa nafasi sawa, kana kwamba sensa zote zilipishana kwa muda uleule.

Tiba yake ni chati ya nukta, inayoitwa "Scatter" kwenye menyu. Chagua ile yenye nukta zilizounganishwa kwa mstari. Hiyo huusoma mwaka kama namba, hivyo miaka 14 hupata nafasi ya miaka 14. Kwa maoni yetu, takwimu zozote zilizokusanywa kwa vipindi visivyolingana zichorwe hivi.

Nguzo zianzie sifuri

Programu ikiona namba zinakaribiana, hupenda kuukata mhimili wa wima chini. Tuseme madarasa matatu yamefaulisha kwa asilimia 88, 90 na 92. Mhimili ukianzia 86, nguzo ya tatu itakuwa ndefu mara tatu ya ile ya kwanza, na mwalimu wa darasa hilo la kwanza atatafutwa bure. Bofya mara mbili kwenye namba za mhimili, na penye "Minimum" andika 0.

Chati ya duara ni ya vipande vya kitu kimoja kizima, basi. Miaka ya sensa haiingii humo. Hata penye vipande halali, pima kwanza. Mwaka 2022 Zanzibar ilikuwa na watu milioni 1.9 kati ya 61.7, kipande chembamba ambacho sentensi moja ingekieleza vizuri zaidi.

Kupamba

Andika kichwa kinachotaja kitu, mahali na miaka: "Idadi ya watu Tanzania, 1967–2022 (milioni)". Kama mstari ni mmoja, kisanduku cha maelezo ya rangi hakina kazi, kibofye, ukifute. Mapambo ya pandetatu yaache, yanapinda urefu wa nguzo. Kumbuka pia kwamba taarifa nyingi huishia kwenye mashine ya fotokopi, ambako nyekundu na kijani hutoka kijivu kilekile. Tumia rangi iliyokoza na iliyofifia.

Ukimaliza, hifadhi faili kwa aina ya kawaida ya Excel. Faili ya CSV hubeba yaliyomo kwenye seli tu. Ukiifunga, chati imekwenda.