Habasoda, Thomu na Vidonge vya Daktari

Wengi katika wazee wetu wa pwani hunywa dawa za namna mbili kwa siku moja: vidonge vya hospitali, na habasoda, kitunguu thomu au shubiri ya nyumbani. Daktari huambiwa za kwanza tu. Za pili hufichwa, ama kwa haya, ama kwa kudhani kuwa mti shamba haudhuru.

Dhana hii ni khatari, khasa kwa mzee, kwani figo zake zimepungua nguvu na dawa hukawia mwilini. Habasoda huteremsha sukari ya damu; ikikutana na vidonge vya kisukari, mtu aweza kuzimia. Thomu nyingi huzuia damu kuganda; anayetumia warfarini aweza kutokwa na damu isikatike. Shubiri huharisha, na kuharisha kukidumu hupunguza potasiamu. Mgonjwa wa moyo anayetumia digoksini huenda mapigo yakamharibikia.

Utajibiwa: "Habasoda ameisifu Mtume (s.a.w.)." Naam, Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, wala hatuikanushi. Lakini al-Khattabi, mwanachuoni wa karne ya 4 ya Hijria, aliifahamu kuwa ni tamko la jumla lililokusudiwa maradhi makhsusi. Tena, wapi ilipoamrishwa kumficha daktari? Imepokewa katika Abu Daud kuwa mwenye kutibu naye hajulikani kwa utabibu, hudhamini madhara. Basi muuzaji wa chupa asemaye "acha vidonge" aulizwe: atadhamini nini?

Ampelekaye mzazi wake hospitali na azitie kikapuni chupa zote, hata ile iliyofichwa chini ya kitanda, aziweke mezani mbele ya daktari.