Rimoti ya Projekta Yenye Leza: Linda Macho ya Walio Mbele Yako

Rimoti nyingi za projekta zina kitufe kinachotoa nukta ya leza ya kuonyeshea maandishi ukutani. Mwanga wa leza hautawanyiki kama wa tochi. Ukiingia jichoni, lenzi ya jicho huukusanya mahali padogo sana kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Nguvu yake ikiwa kubwa, utando huo huungua. Na kwa kuwa hauhisi maumivu, mtu huweza kudhurika asijue mara moja.

Kabla ya kununua, soma lebo. Chagua leza ya Daraja la 2, ambayo nguvu yake haizidi miliwati 1. Kwa daraja hilo, kupepesa jicho, kunakotokea ndani ya robo sekunde, kwa kawaida hutosha kumkinga mtu. Kinga hiyo haimfai mtoto anayeukodolea mwanga macho kwa mchezo. Kifaa kisicho na lebo usikinunue.

Unapotumia:

- Bonyeza kitufe pale tu nukta inapohitajika, na ukiachie kabla ya kuwageukia wasikilizaji.
- Usielekeze leza kwenye kioo wala chuma king'aacho, kwani mwali hurudi.
- Baada ya kikao, toa betri na uhifadhi rimoti mbali na watoto.

Mwali ukikuingia jichoni, funga macho na ugeuze uso; usilisugue jicho. Ukiona doa au ukungu usiotoweka, muone daktari wa macho bila kuchelewa, na uichukue rimoti ili asome lebo yake.