Gole au Yai? Namna ya Kumchunguza Kuku Anayezubaa

Kuku mtagaji anapojitenga na wenzake, mkia umeinama na manyoya yamesimama, wafugaji wengi husema tu kwamba ni mgonjwa. Kauli hiyo haimsaidii kuku. Dalili hizo zina sababu nyingi, na mbili miongoni mwake huweza kutambuliwa kwa mikono mitupu: kuziba kwa gole na kukwama kwa yai. Kuzitofautisha ni muhimu, kwani msaada uliokosewa waweza kumwua kuku ambaye angepona.

Safari ya chakula

Kuku hana meno. Chakula anachomeza huhifadhiwa kwanza katika gole, yaani mfuko ulio chini ya shingo, upande wa kulia wa kifua. Humo hulainika, kisha hupita kidogo kidogo hadi katika tumbo lenye tindikali, na baadaye katika firigisi, ambayo hukisaga kwa misuli yake ikisaidiwa na changarawe. Gole la kuku mzima hujaa jioni, na alfajiri huwa tupu. Kwa hiyo hupapaswa mara mbili: jioni, na asubuhi kabla ya kulishwa. Likiwa bado gumu asubuhi, huenda limezibwa na majani marefu, kamba au vipande vya plastiki. Likiwa teketeke na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechacha ndani yake.

Safari ya yai

Yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa. Kiini hutoka katika ovari, huingia katika mrija wa mayai, huzungukwa na ute na utando, kisha hukaa saa 20 hivi katika sehemu inayotengeneza kaka. Kaka hilo lina gramu 2 hivi za kalsiamu. Madini hayo hayo huhitajika ili misuli ya mrija ijikaze na kulisukuma yai. Upungufu wake, basi, hudhuru mara mbili: kaka huwa laini na misuli hulegea. Kuku aliyekwamwa na yai huingia na kutoka kiotani bila kutaga, hujikamua mara kwa mara, na pengine miguu yake hulegea kwa kuwa yai hubana neva.

Msaada

Kuku mwenye gole gumu hunyimwa chakula kigumu kwa siku moja, hupewa maji safi, na gole lake hukandwa taratibu. Asiinamishwe kichwa chini wala kumiminiwa maji kwa nguvu, maana majimaji huweza kuingia mapafuni.

Kuku aliyekwamwa na yai hukalishwa katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, hukaushwa, hupakwa mafuta ya kula tunduni, kisha huwekwa mahali penye joto na utulivu. Yai lisivunjwe ndani, kwa sababu vipande vya kaka hukata mrija na kuleta uambukizo. Asipopata nafuu katika siku moja, bwana mifugo aitwe. Baada ya kazi hiyo mikono ioshwe kwa sabuni.

Iwapo kuku wengi wanaugua pamoja, wanahema kwa shida, wanaharisha kijani au wanapinda shingo, yashukiwe maradhi ya kideri. Hayo hayana dawa. Kinga yake ni chanjo. Chanjo ya I-2 hutiwa tone moja jichoni kila baada ya miezi minne.

Kinga

Watagaji wawekewe magamba ya chaza au mawe ya chokaa yaliyopondwa, katika chombo cha peke yake, ili kila mmoja adonoe kwa kadiri ya haja yake. Wapate pia jua, kwani humwezesha kuku kutengeneza vitamini D, ambayo husaidia mwili kufyonza kalsiamu. Vifaranga wasipewe chakula cha watagaji: kalsiamu nyingi huharibu figo zao.

Zoezi

Tumbukiza yai bichi katika siki kwa siku mbili.
1. Mapovu yanayotokea ni gesi gani? Ithibitishe kwa maji ya chokaa.
2. Kaka likiisha kuyeyuka, ni nini kinachobaki?
3. Kuku hutaga mayai 5 kwa juma. Kaka zake huchukua gramu ngapi za kalsiamu kwa majuma 4?