Mafua ya Mlipuko Yakifika Wazo: Maswali ya Wenye Maradhi ya Kudumu na Watu Wenye Ulemavu

Tarehe 11 Juni 2009 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa mafua ya H1N1, yaliyojulikana mitaani kama mafua ya nguruwe, yamekuwa janga la dunia. Mwezi uliofuata yakathibitishwa Tanzania. Wengi wa waliozidiwa walikuwa tayari na pumu, kisukari au maradhi ya moyo. Mlipuko mwingine wa mafua utakuja. Kwa mkazi wa Wazo, Dar es Salaam, anayemeza dawa kila siku, maandalizi yanaanzia kwenye dawa hizo.

Nijiandae vipi?

Dawa zisikukatikie. Ukienda kliniki, muulize daktari kama anaweza kukuandikia za miezi miwili au mitatu. Wanaotumia dawa za kufubaza VVU wameshazoea: hali ikishatulia, kliniki yao ya matunzo na tiba (CTC) huwapa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Mwenye presha au kisukari naye aombe, na akikataliwa leo aombe tena mwezi ujao. Fikiria safari yenyewe: daladala ya Tegeta imejaa asubuhi, kisha foleni ya dirisha la dawa katikati ya wanaokohoa. Kila safari unayoiepuka ni kinga. Uliza pia kama ndugu anaweza kukuchukulia dawa kwa kadi yako. Ndani ya kadi hiyo weka karatasi yenye majina ya dawa, vipimo vyake, dawa zinazokudhuru na namba ya simu ya ndugu.

Nikishikwa na mafua, nisimamishe dawa zangu?

Usisimamishe mwenyewe. Mafua hupandisha sukari hata kama hujala, hivyo mwenye kisukari apime mara nyingi zaidi na asiache insulini kwa kukosa hamu ya chakula. Akitapika, amwone daktari siku hiyohiyo. Dawa za kifafa zikikatizwa, degedege hurudi. Mwenye presha amweleze mfamasia hali yake kabla ya kununua dawa ya mafua, kwa kuwa baadhi hupandisha presha. Antibayotiki haziui virusi vya mafua. Na nyungu? Mvuke unaweza kumbana kifua mwenye pumu, na sufuria ya maji yanayochemka imeunguza watoto.

Natumia kiti mwendo, au sioni. Nijikinge vipi?

Mikono inayosukuma magurudumu hurudi usoni. Futa bangili za kusukumia kwa maji ya sabuni kila unaporudi nyumbani. Fimbo nyeupe vilevile. Ndoo ya kunawia iwekwe juu ya kigoda kifupi, koki ifikike ukiwa umekaa. Anayekuogesha au kukushika mkono avae barakoa na anawe kwanza. Muhimu kuliko yote: tafuta mapema msaidizi wa pili, kwa sababu wa kwanza naye anaweza kuugua.

Kwa kiziwi anayesoma midomo, barakoa inaziba maneno. Andikianeni kwenye simu, au mtoke nje, msimame mbalimbali, msemaji aishushe.

Hospitali niende lini?

Mara moja, ukipumua kwa shida, kifua kikibana, midomo ikibadilika rangi, ukichanganyikiwa, au homa ikishuka kisha ikarudi kwa nguvu. Mwenye selimundu asisubiri dalili hizo. Homa peke yake inatosha. Asiyeweza kujieleza, anayemtunza aangalie mabadiliko ya kula, kulala na kupumua. Dawa ya oseltamiviri hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, kwa hiyo mwenye maradhi ya kudumu asikae nyumbani siku nne akisikilizia. Ushauri wa Wizara ya Afya unapatikana bure kwa kupiga 199. Kiziwi apange mapema jirani wa kumpigia.

Chanjo je?

Chanjo ya kirusi kipya huchukua miezi kutengenezwa, na inapofika huwa haitoshi wote. Chanjo ya Uviko-19 ilipozinduliwa nchini Julai 2021, wenye magonjwa sugu walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa, pamoja na watumishi wa afya na wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Ikitangazwa nyingine, nenda na kadi yako ya kliniki siku za mwanzo. Kwa sasa, hesabu vidonge vilivyobaki nyumbani, na kama havifiki tarehe ya kliniki, nenda kabla havijaisha.