Kano ya Goti Iliyokatika: Upasuaji Ulivyobadilika

Ndani ya goti kuna kano mbili zinazopishana kama msalaba. Ile ya mbele huzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Mchezaji akigeuka ghafla au kutua vibaya, inaweza kukatika.

Mwaka 1895, daktari Mayo Robson wa Leeds, Uingereza, alimshonea mchimba migodi kano zilizokatika. Hata hivyo, kano ya mbele ikishonwa tu, mara nyingi haishiki. Mwaka 1917, Hey Groves wa Bristol alitengeneza kano mpya kwa utando mgumu wa paja la mgonjwa mwenyewe. Kupandikiza huko ndiko msingi wa matibabu hadi leo, ila sasa kipande hutolewa zaidi nyuma ya paja au chini ya pia ya goti. Tangu miaka ya 1980, kamera ndogo inayopitishwa kwenye matundu madogo imechukua nafasi ya kupasua goti wazi.

Kano mpya bado huhitaji muda kushikana na mfupa. Mazoezi ya tibamaungo huanza mapema, lakini kurudi uwanjani kabla ya miezi 9 huongeza hatari ya kuumia tena.

Si kila mgonjwa huhitaji upasuaji. Goti likivimba ghafla baada ya kuumia, au likilegea unapotembea, usikubali kukandwa wala kuvutwa. Fika kituo cha afya upimwe.