Wi-Fi Moja, Milango Mitatu
Kijitabu kwa wenye hoteli, maduka na ofisi za ufuo wa Dunga

Jumamosi mchana Dunga haikosi wageni. Watu wametoka Kisumu mjini, wameagiza samaki na ugali, na mbuta bado yuko kwenye mafuta. Wakingoja, swali huwa ni lilelile: "Wi-Fi ya hapa ni gani?" Nenosiri limeandikwa kwa chaki ukutani, chini ya bei ya ngege.

Nenosiri hilohilo ndilo linalotumiwa na kompyuta ya kaunta, printa ya risiti na kamera iliyo juu ya mlango. Mgeni akifungua programu ya bure ya kukagua mtandao, baada ya muda mfupi ataona orodha yote: printa, kamera, kompyuta, kila kimoja na anwani yake, mara nyingi inayoanza na 192.168. Kama kamera bado ina nenosiri la kiwandani, anaweza kuitazama kaunta yako huku akila. Usihofu sana kuhusu M-Pesa; malipo hayo yana ulinzi wake. Kinachobaki wazi ni hesabu za mauzo, namba za simu za wateja na picha za kamera.

Kugawa

Mgeni hukaribishwa sebuleni, hapewi ufunguo wa chumba cha kulala. Kisambaza Wi-Fi kimoja cha kazi za ofisi kinaweza kutangaza majina kadhaa: moja la wageni, moja la biashara, moja la kamera na printa. Nyuma ya kila jina huwekwa VLAN, yaani namba kati ya 1 na 4094 inayobandikwa kwenye data ili swichi na rauta zijue ni ya upande gani. Biashara ipe 10, wageni 20, kamera 30, au namba nyingine utakazozikumbuka.

Hapa wengi huteleza. Ukiongeza jina "Wageni" bila kulitenga, umebadilisha kibao cha mlangoni tu. Ndani ni chumba kilekile. Rauta nyingi ndogo za nyumbani hazina VLAN, lakini zina mpangilio wa mtandao wa wageni. Uwashe huo. Washa pia utenganishaji wa vifaa, ili mgeni wa meza hii asiifikie simu ya mgeni wa meza ile.

Majina matatu yanatosha. Kila jina hujitangaza hewani takriban mara 10 kwa sekunde, na matangazo hayo hula nafasi ya wateja wako.

Kuchuja

Kugawa peke yake hakutoshi, kwa sababu rauta nyingi huruhusu pande zote ziendelee kuzungumza mpaka uzikataze. Mvuvi wa Dunga hatumii wavu wa mbuta kuvulia omena. Kila samaki ana tundu lake. Nawe uwekee kila upande kanuni zake.

Kwa wageni, kanuni tatu zinatosha. Kwanza, ruhusu simu ipewe anwani na iulize majina ya tovuti kwenye rauta. Pili, kataza safari zote za kwenda kwenye anwani za ndani: zinazoanza na 10, na 192.168, na zile za 172.16 hadi 172.31. Tatu, ruhusu kwingine kote. Usibadilishe mpangilio huo. Kwa kawaida rauta husoma kanuni kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye ya kwanza inayolingana. Ukianza na "ruhusu kote", katazo lililo chini yake halitafikiwa kamwe.

Ukitaka kuzuia tovuti za utapeli na za ngono, elekeza maswali ya majina ya tovuti kwa 1.1.1.3, huduma ya bure ya Cloudflare iliyoanza mwaka wa 2020. Haikamati kila kitu, lakini kuiweka ni kazi ya dakika chache.

Kuna njia moja tunayoshauri uiache: kuorodhesha anwani za kiwandani za simu zinazoruhusiwa. Tangu Android 10 ya mwaka wa 2019 na iOS 14 ya 2020, simu hujipa anwani ya kubuni kwenye mitandao ya Wi-Fi, na mjanja anaweza kuiga anwani ya mwingine. Utasumbua wateja wema tu.

Sheria

Picha za kamera na namba za wateja ni data ya watu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipogundua.

Leo jioni, ukishafunga kaunta, ingia kwenye Wi-Fi ya wageni kwa simu yako, kisha uandike anwani ya rauta na ya kamera kwenye kivinjari. Ukurasa wowote ukifunguka, usimpe mgeni nenosiri kesho kabla hujaurekebisha mtandao.