Mgonjwa anapoomba kufa
Somo la kujadili katika vikundi

Wengi wetu tuliowahi kumuuguza ndugu mwenye saratani tumesikia maneno haya: "Afadhali nife nipumzike." Katika baadhi ya nchi, sheria sasa inaruhusu daktari amsaidie mgonjwa wa namna hiyo kufa. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilianza kutumia sheria hiyo mwaka 1997, Uholanzi na Ubelgiji mwaka 2002, na Kanada mwaka 2016.

Wanaotetea sheria hizi husema kwamba kila mtu ana haki ya kuamua juu ya maisha yake, na kwamba kumwacha mtu ateseke si huruma. Hoja hizo ni nzito na tusizidharau. Lakini kwa maoni yetu kuna swali linalotangulia: mgonjwa huyu amepewa nini cha kuchagua?

Soma 1 Wafalme 19:1-10

Eliya amechoka, anaogopa na anajiona amebaki peke yake. Anamwomba Mungu amwondolee uhai. Mungu hamkaripii, wala hampi alichoomba. Anampa usingizi, mkate na maji, tena mara mbili, kabla ya kumwuliza lolote. Ndani ya ombi la kufa kulikuwa na mahitaji mengine.

Ndivyo ilivyo hata leo. Taarifa za kila mwaka za Oregon zinaonyesha kwamba sababu inayotajwa zaidi si maumivu. Wagonjwa hutaja kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya mambo wanayoyapenda na kupoteza heshima. Wengi pia huogopa kuwa mzigo kwa familia.

Nafuu haigawanywi sawa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 huhitaji huduma shufaa kila mwaka, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa na kuitegemeza familia yake. Ni asilimia 14 hivi tu wanaoipata. Wengi wanaoikosa wako katika nchi maskini.

Kikwazo si fedha peke yake. Mofini ya kunywa ni dawa ya bei nafuu. Nchini Uganda, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya unga ikachanganywa na maji hapo hapo nchini. Mwaka 2004 serikali iliruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika, kwa kuwa madaktari walikuwa wachache. Hivyo nafuu iliweza kumfikia mgonjwa kijijini. Ulikuwa uamuzi wa kisiasa.

Nani anasikilizwa?

Mwaka 2021 Kanada ilipanua sheria yake ihusu pia watu ambao kifo chao hakiko karibu. Vyama vingi vya watu wenye ulemavu vilipinga. Vilisema kwamba mtu asiye na makazi mazuri wala msaada wa kutosha anaweza kuchagua kifo kwa sababu tu amenyimwa maisha. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa nao walionya. Hata hivyo sheria ilipita. Mara nyingi wanaotunga sheria si wale wanaolala kitandani wakisubiri kugeuzwa.

Kwa hiyo sisi tunaona kwamba taifa lisiloweza kumpa maskini dawa ya maumivu halina haki ya kumwambia yuko huru kuchagua kufa. Nasi tunaopinga sheria hizi tutakuwa wanafiki tusipomtembelea mgonjwa aliye jirani yetu.

Tunaweza kufanya nini?

■ Mgonjwa akisema anataka kufa, tusimkemee. Tukae naye, tumwulize kinachomwumiza, na tumjulishe mhudumu wa afya mapema.
■ Tupange zamu za kumpumzisha anayemuuguza.
■ Tuulize zahanati au hospitali yetu kama ina mofini. Kama haina, tumwulize diwani au mbunge sababu.

Maswali ya kujadili

1. Eliya alihitaji nini? Wagonjwa wa eneo letu wanahitaji nini?
2. Je, kuna mtu anayejiona mzigo kwa sababu ya jinsi tunavyomtendea?
3. Soma Mithali 31:8-9. Tunawezaje kuwasemea wagonjwa bila kuwanyamazisha?
4. Ikiwa mgonjwa amepata huduma zote na bado anaomba kufa, tutamjibu nini?